Tezi dume imekua na dawa hazitoshi: mvuke, vishikizo, kuziba mishipa au kukwangua?

Mwanaume anayefika kwenye uamuzi huu huwa ameshatembea safari ndefu. Alianza na tamsulosin, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, akaongezewa finasteride, ya kusinyaza tezi. Kizunguzungu kikamsumbua au hamu ya tendo ikashuka, na bado anasimama chooni akisubiri mkojo uanze. Daktari anamweleza kuhusu TURP, yaani kukwangua tezi kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo bila kupasua tumbo, kisha anagusia kwamba siku hizi zipo njia nyingine zisizoumiza mwili sana. Akirudi nyumbani na kutafuta habari anakuta njia hizo ni nyingi, na kila moja ina watu wanaoapa kwamba ndiyo yenyewe.

Ninavyoona mimi, uchaguzi huu una hatua mbili, na wengi wanazifanya kinyume. Kwanza ukubwa na umbo la tezi huondoa baadhi ya njia mezani, utake usitake. Ndipo linakuja swali la pili: katika zilizobaki, ni kitu gani hauko tayari kukipoteza?

Je, ni tezi kweli?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tiba nzuri kwa tatizo lisilo lake ni hasara tupu.

Kinachowapotosha wengi ni kukojoa usiku. Mtu anaamka mara nne, anailaumu tezi. Chukua kikombe chenye vipimo, kiweke chooni, na kwa siku tatu andika saa na ujazo wa kila mkojo. Ukiona usiku unatoa mililita 80 kila unapoamka, kibofu hakimalizi au hakitulii, na tezi ina kesi ya kujibu. Ukiona unatoa mililita 350 mara nne, hapo hakuna kizuizi kikubwa: figo zinatengeneza mkojo mwingi usiku. Kwa mtu wa umri mkubwa, mkojo wa usiku ukizidi theluthi moja ya mkojo wote wa saa 24, chanzo hutafutwa kwingine: miguu inayovimba mchana, moyo, kukatika kwa pumzi usingizini, kunywa sana kabla ya kulala. Sukari nayo ipimwe, ingawa yenyewe humkojoza mtu mchana na usiku. Hakuna mvuke wala kishikizo kitakachotibu hayo.

Kibofu nacho huchoka. Mkojo dhaifu unaweza kutoka kwa tezi inayobana au kwa msuli wa kibofu ulioishiwa nguvu, hasa kwa mwenye kisukari cha miaka mingi. Ukimfungulia njia mtu wa aina ya pili, huenda bado asikojoe vizuri. Kipimo cha mgandamizo wa kibofu hutenganisha hayo mawili.

La tatu ni saratani. Tezi iliyokua si saratani na haigeuki kuwa saratani, lakini vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Ukikwanguliwa, vipande vya nyama hupelekwa maabara. Ukichomwa mvuke, ukiwekewa vishikizo au ukizibwa mishipa, hakuna kipande kinachotoka. Kwa hiyo PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), na picha ya MRI au kinyama cha kupima pale panapotia shaka, vimalizwe kabla. Na kama umetumia finasteride kwa nusu mwaka au zaidi, mkumbushe daktari: dawa hiyo hushusha PSA kwa karibu nusu, na namba inayoonekana nzuri inaweza isiwe nzuri hivyo.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote kwa mambo matano: ukubwa na umbo la tezi; ganzi, mpira wa kutolea mkojo na siku za kwanza; tendo la ndoa; kiasi cha nafuu na uwezekano wa kurudia tiba; halafu magonjwa mengine na dawa unazotumia. Bei siiweki, kwa kuwa hubadilika kwa kila hospitali na kila bima. TURP nitaitumia kama rula, maana ndiyo iliyopimwa muda mrefu kuliko zote.

Njia zenyewe kwa kifupi

*Vishikizo (UroLift).* Daktari anapitisha kamera kwenye njia ya mkojo, anaisukuma nyama ya tezi pembeni, kisha anafyatua kishikizo kidogo cha chuma na uzi kinachoibana hapo. Mara nyingi hutumika vinne hadi sita. Hakuna kinachokatwa wala kuchomwa: nyama inabaki, ila imevutwa kando kama pazia lililofungwa. Marekani iliiidhinisha mwaka 2013.

*Mvuke (Rezum).* Sindano inachoma ndani ya tezi na kutoa mvuke wa maji wa takriban nyuzi joto 103 kwa sekunde 9, kisha inasogezwa na kuchoma tena. Mvuke unasambaa kati ya seli na kuziua, na mwili unazifyonza polepole kwa wiki na miezi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2015.

*Kifaa cha muda (iTind).* Ni kijikapu cha nyaya kinachowekwa kwenye shingo ya kibofu kikiwa kimekunjwa. Kinajitanua na kugandamiza sehemu tatu hadi njia ipanuke, na baada ya siku 5 hadi 7 kinatolewa chote.

*Kuziba mishipa ya tezi.* Hii haifanywi na daktari wa mkojo bali na daktari wa radiolojia. Anaingia kwenye ateri ya paja au ya mkono, anafuata njia hadi kwenye ateri zinazolisha tezi, na kumimina chembe ndogo sana zinazozuia damu. Tezi ikikosa damu inasinyaa. Njia ya mkojo haiguswi kabisa.

*Maji ya kasi (Aquablation).* Roboti inaongoza mkondo wa maji wenye nguvu unaochonga nyama kwa kufuata ramani ambayo daktari ameichora kwenye picha ya ultrasaundi. Hii iko mpakani. Inahitaji chumba cha upasuaji na kulala hospitali, na wengine hukataa kuiweka kundi moja na nne za kwanza. Naiweka kwa sababu wagonjwa wanaiuliza.

Ukubwa na umbo

Omba namba. Usikubali kuambiwa "imekua kidogo" au "ni kubwa", kwani ultrasaundi inatoa mililita. Tezi ya kijana ni kama mililita 20 hadi 25. Vishikizo na mvuke vilipimwa zaidi kwa tezi za mililita 30 hadi 80, na kifaa cha muda kwa 25 hadi 75. Maji ya kasi yamejaribiwa hadi 150. Kuziba mishipa hakuna kikomo cha juu kinachoeleweka, na tezi kubwa mara nyingi hufanya vizuri kuliko ndogo, kwa sababu ateri zake ni nene na rahisi kuingia. Kwa mtu mwenye mililita 130, basi, orodha tayari imebaki fupi: maji ya kasi, kuziba mishipa, au kumenyua tezi kwa leza, upasuaji ambao hauogopi ukubwa.

Umbo husahaulika. Kwa baadhi ya wanaume kuna nyama ya katikati inayochomoza ndani ya kibofu na kuziba mlango kila wanapokojoa. Mvuke unaweza kuichoma moja kwa moja, na maji ya kasi huichonga bila shida. Kifaa cha muda hakifai hapo. Vishikizo mwanzoni havikuruhusiwa kwa nyama hii. Baadaye mbinu ya kuivuta pembeni ikaja, lakini inategemea sana mkono wa daktari. Kuziba mishipa kunaweza kuisinyaza, ila ikiwa imechomoza sana inaweza kuendelea kuziba hata ikiwa ndogo. Nyama hii huonekana kwa kamera au ultrasaundi, kwa hiyo muulize daktari kabla hamjaanza kuzungumzia njia.

Ganzi, mpira na siku za kwanza

Vishikizo, mvuke na kifaa cha muda hufanyika kwa ganzi ya sehemu au dawa ya kusinzia, kwa muda usiofika saa moja, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuziba mishipa pia ni ganzi ya sehemu, lakini unaweza kulala mezani saa mbili au zaidi daktari akitafuta ateri nyembamba zilizojikunja. Maji ya kasi na TURP huhitaji ganzi ya uti wa mgongo au nusu kaputi.

Kuhusu mpira: baada ya vishikizo wengi hawawekewi, au wanakaa nao usiku mmoja. Kifaa cha muda kwa kawaida hakihitaji mpira, ingawa siku zile chenyewe kikiwa ndani mtu anahisi uzito na haja ya ghafla. Baada ya kuziba mishipa wengi huondoka bila mpira. Maji ya kasi na TURP, siku moja hadi tatu hivi. Mvuke ndio unaodai zaidi: siku 3 hadi 7, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa tezi iliyochomwa huvimba kabla ya kusinyaa.

Hilo la mvuke linapaswa kusemwa wazi, na halisemwi vya kutosha. Wiki mbili za kwanza unaweza kuwa na hali mbaya kuliko ulivyoingia: kuungua, damu kidogo, kukimbilia choo. Nafuu inaanza kuonekana kati ya wiki ya pili na mwezi wa tatu. Mwanaume asiyejua haya huamini ameharibiwa. Vishikizo huleta nafuu mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Kuziba mishipa kuna shida yake: maumivu ya nyonga, homa ndogo na kichefuchefu kwa siku chache, halafu mkojo unafunguka taratibu kwa wiki na miezi.

Tendo la ndoa

Hapa ndipo wanaume wengi hunyamaza mbele ya daktari, na ndipo njia hizi zinapotofautiana zaidi.

Tenganisha mambo mawili. Kusimama kwa uume hakutarajiwi kuharibiwa na yoyote kati ya njia hizi tano, na hata kwa TURP hofu hiyo ni kubwa kuliko hali halisi. Kinachobadilika ni kutoka kwa manii. Baada ya TURP, takriban wanaume wawili katika watatu hufika kileleni bila kutoa kitu, kwa kuwa manii hurudi kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo. Hakuna madhara kiafya, raha mara nyingi hubaki, lakini kupata mtoto kwa njia ya kawaida kunakuwa kugumu sana. Wapo wasiojali. Wapo ambao ndoa yao ingetikisika.

Vishikizo na kifaa cha muda ndivyo vinavyolinda hili kuliko vyote. Katika majaribio ya vishikizo hakukuonekana tatizo jipya la kudumu la kutoa manii. Kwa mvuke wachache hupoteza, asilimia ndogo tu. Maji ya kasi huacha sehemu ya tezi inayohusika, na katika jaribio lililoyalinganisha na TURP karibu mwanaume 1 katika 10 alipoteza kutoa manii. Kuziba mishipa hutangazwa sana kuwa hakugusi chochote. Nisingelisema hivyo: katika jaribio la Uswisi lililokulinganisha na TURP, zaidi ya nusu ya waliozibwa waliripoti mabadiliko, mengi yakiwa manii kupungua, ingawa waliopoteza kabisa walikuwa wachache mno kuliko wa TURP.

Bado unataka watoto? Liseme mwanzo kabisa wa mazungumzo, hata kama una miaka 65 na daktari hajauliza.

Nafuu na kurudia

Dalili hupimwa kwa fomu ya maswali saba yenye alama 0 hadi 35: chini ya 8 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 za kati, 20 na kuendelea kali. Jaza kabla na baada ya tiba. Chini kabisa kuna swali la nane lisilo na alama katika hizo 35: ukiambiwa utaishi maisha yako yote na mkojo ulivyo sasa, utajisikiaje? Jibu lake mara nyingi linasema zaidi ya yale saba.

TURP hushusha alama kwa takriban 15, na maji ya kasi yanakaribia hapo. Vishikizo na mvuke hushusha kwa kama 11 katika mwaka wa kwanza. Kuziba mishipa kuko karibu na 9 au 10, lakini nguvu ya mkojo haipandi kama kwa TURP. Mwenye alama 14 anaweza kuridhika kabisa na punguzo la 10. Mwenye 28 atabaki na 18, na huenda akauliza kwa nini alihangaika.

Kudumu: katika jaribio kuu la vishikizo, asilimia 13.6 walihitaji tiba nyingine ya upasuaji ndani ya miaka 5. Katika lile la mvuke, asilimia 4.4. Majaribio hayo yalikuwa tofauti na wagonjwa tofauti, kwa hiyo usizisome namba hizi kama matokeo ya mechi moja. Hata hivyo mwelekeo unaeleweka, maana mvuke unaondoa nyama na kishikizo kinaiacha iendelee kukua. Kwenye jaribio la Uswisi, karibu 1 katika 5 waliozibwa mishipa walifanyiwa TURP ndani ya miaka 2. Maji ya kasi ni karibu 5 katika 100 kwa miaka 5. Kifaa cha muda kina ushahidi mchache zaidi wa muda mrefu. TURP yenyewe hurudiwa kwa asilimia 1 au 2 kwa mwaka, hivyo hakuna njia ya milele.

Kurudia si kushindwa, mradi ulijua. Mtu wa miaka 52 anaweza kuamua kwa akili timamu kuchukua miaka saba ya vishikizo na kulinda tendo la ndoa, kisha akwanguliwe baadaye. Njia zote hizi zinaacha mlango huo wazi.

Magonjwa mengine na dawa

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda afikirie kwanza hatari ya kutoka damu. TURP na maji ya kasi hutoa damu zaidi. Katika tezi kubwa zilizochongwa kwa maji, baadhi walihitaji kuongezewa damu. Kuziba mishipa mara nyingi hufanyika bila kuacha dawa hizo, na leza ni chaguo jingine. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Daktari wa moyo na wa mkojo waongee.

Kuziba mishipa hutumia rangi ya picha ambayo figo dhaifu haziipendi, pamoja na mionzi. Mishipa iliyokakamaa kwa sigara, kisukari au umri inaweza kumshinda daktari kuingia upande mmoja au pande zote mbili. Mara chache sana chembe hupotea njia na kuumiza kibofu au utumbo wa nyuma. Hapa uzoefu wa daktari ni kila kitu.

Mwenye mzio wa nikeli aseme kabla ya vishikizo au kifaa cha muda. Vishikizo pia huacha kivuli kwenye MRI, jambo la kufikiria kwa yule ambaye PSA yake inafuatiliwa kila mwaka.

Kwa hali yako

Tezi ya mililita 30 hadi 80, hakuna nyama ya katikati, na kutoa manii ni jambo usilolitoa sadaka: anza mazungumzo na vishikizo, kifaa cha muda kikiwa mbadala kwa asiyetaka chuma kibaki mwilini. Kubali mapema kwamba huenda ukarudi.

Ukubwa huohuo, lakini nyama ya katikati ipo, au unataka kitu kitakachodumu zaidi na unaweza kuvumilia wiki moja ya mpira na mwezi wa usumbufu: mvuke. Usiupange wiki mbili kabla ya safari ndefu au harusi ya mwanao.

Tezi kubwa, moyo usiohimili nusu kaputi, au dawa za damu zisizoweza kusimamishwa: kuziba mishipa, kwa daktari anayeifanya mara kwa mara. Wapo waliokuwa wakiishi na mpira wakauacha kwa njia hii, na kwa mvuke pia.

Tezi kubwa, mwili wenye afya, dalili kali, na bado unajali manii: maji ya kasi yana hoja nzuri, hospitali ikiwa nayo.

Alama 25, manii si tatizo, na unataka kulimaliza jambo hili kwa mara moja: TURP au leza, na usione haya kwamba umechagua ya zamani. Mwenye figo zilizoanza kuathirika, mawe kibofuni, au mkojo unaotoa damu mara kwa mara kwa sababu ya tezi naye kwa kawaida hupelekwa huko.

Mwenye alama 6 ambaye hasumbuki anaweza kusubiri, akipima tena baada ya mwaka.

Ukifika kwa daktari uliza hili pia: kati ya njia hizi, ni zipi unazifanya mwenyewe, na umezifanya kwa wangapi? Daktari mwenye mashine ya mvuke huona mvuke kila mahali, na hilo si ulaghai, ni binadamu. Akisema njia inayokufaa haifanyi yeye na kukuandikia barua ya kwenda kwa mwenzake, umepata daktari mzuri.